Vilango vya Kupitia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu hadithi ya Mwanaidi na Bakari ianze kusomwa, maswali yamenijia mengi. Mengine huja kwa simu kutoka kwa wazazi, mengine huulizwa barazani na watoto wenyewe, na hao ndio wenye maswali magumu. Nimeyakusanya hapa. Anayetaka kusoma hadithi kwanza bila kujua kinachokuja, aisome, kisha arudi.

Hadithi inahusu nini?

Mwanaidi ana miaka 11. Anaishi Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya mawe ya bibi yake, pamoja na Bakari, mtoto wa ami yake, mwenye miaka 9. Siku moja ya bamvua, maji yamepwa hadi miamba iko nje, Bakari anatia mkono katika kidaka, kile kishubaka cha ukutani, katika chumba cha ndani, kutafuta kibiriti. Mkono haugusi ukuta. Unaingia tu, hadi begani, na vidole vinasikia upepo.

Wanapita. Wanajikuta Mombasa hiyo hiyo, kisiwa hicho hicho, ila miaka si hii. Safari zao ni tano. Nne zinawapeleka nyakati zilizopita, na moja inawatoa nje ya wakati kabisa, hadi Mji wa Kupwa, mji ambao upo tu maji yakiwa yametoka na hufunikwa yakirudi.

Jina limetoka wapi?

Limetoka vinywani mwa bibi zetu. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kutolewa hadithi usiku anajua kuitika. Paukwa! Pakawa! Kisha mtoa hadithi huendelea, na kwetu yalikuwa hivi: "Paliondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupitia."

Nimeyasikia maneno hayo utoto wangu wote na sikuwahi kuuliza maana. Tulikuwa na haraka ya kumfikia sungura. Nilipokuwa mtu mzima, siku namtolea hadithi mwanangu, akanikata kauli: "Vilango vya kupitia kwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Hadithi nzima ni jibu la swali hilo.

Kwa nini mlango uko ndani ya kidaka? Na kwa nini unafuata maji?

Hapa naomba nafasi, maana hili ndilo nililoliwaza kuliko mengine yote.

Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa bahari. Mawe yake ni matumbawe. Chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa motoni hadi yakawa unga. Dari imebebwa na boriti za mikoko iliyokatwa majini, na ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti haivutwi ikarefuka. Ukilala ndani ya nyumba ya namna hiyo umezungukwa na bahari pande zote, ijapokuwa uko mbali na ufuo.

Basi nikajiuliza: jiwe lililotoka baharini, je, limesahau kupwa na kujaa? Katika hadithi, halijasahau. Bamvua ikifika, ukuta unapwa pia. Kidaka ndicho chenye ukuta mwembamba kuliko kwingine, kwa hiyo hapo ndipo panapofunguka.

Kutoka hapo, sheria zote za hadithi nilizipata bure, kwa sababu bahari ilikwisha kuziweka. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo kilango hufunguka vipindi viwili tu katika mwezi. Baina yake ni maji mafu, na ukuta ni ukuta. Toka maji yapwe hadi yajae ni kama saa sita, kwa hiyo watoto wana saa sita za kwenda na kurudi. Tena kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Bakari halijui hilo. Katika sura ya tatu anarudi kidakani kwa saa ile ile ya jana, akijipiga kichwa ukutani. Mvuvi yeyote wa Mombasa angemwambia.

Wako walioniandikia kwamba mashine yenye taa na vidude ingewavutia watoto zaidi. Siafiki. Mtoto wa hapa anaona bahari ikiondoka na kurudi kila siku, mara mbili, na kwenye bamvua inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Muujiza aupate mahali alipo.

Mtoto wa umri gani anaweza kuisoma?

Miaka 9 hadi 13 kujisomea. Mdogo zaidi asomewe na mkubwa, usiku, kwa sauti.

Safari ya kwanza ni ya mwaka 1331. Kwa nini mwaka huo?

Kwa sababu mwaka huo tuna shahidi. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipita Mombasa akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja tu, na akatuachia maelezo machache yenye thamani kubwa. Alisema watu wa kisiwa hiki hula sana ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletewa. Aliona migomba na milimau. Alionja tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa, tamu sana, na jina alilolitaja ndilo Wahindi wanaloliitia zambarau. Alisema misikiti ni ya mbao, imejengwa imara, na mlangoni pana kisima kifupi ambapo watu huteka maji kwa chombo cha mti wakaosha miguu kabla ya kuingia. Watu walitembea pekupeku.

Katika hadithi, Mwanaidi na Bakari hawamuoni uso. Wanaona miguu ya mgeni ikioshwa kisimani, yenye vumbi la safari, na sauti ya mtu akiuliza jina la tunda. Nilitaka watoto wamtambue wenyewe.

Chakula ndicho kilichonifurahisha kukiandika. Bakari ana njaa. Anataka muhogo wa kukaanga wenye pilipili, wanaouza karibu na bahari. Hakuna. Anataka hindi la kuchoma. Hakuna. Viazi karai, hakuna. Nanasi, korosho, kachumbari ya nyanya, vyote hakuna, kwa sababu muhogo, mahindi, viazi, pilipili, nyanya, nanasi na mkorosho vilitoka Amerika, na meli za Wareno zilikuwa bado hazijapita hapa. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Mtoto anayeamini kwamba muhogo na pilipili ni vitu vya pwani tangu dunia kuumbwa anashtuka. Mimi pia nilishtuka. Bakari analishwa ndizi na samaki, na zambarau mpaka ulimi ukawa wa buluu, na anaporudi ni ulimi huo unaomfichua kwa Bibi.

Mbona Mwanaidi akisema "meza" watu wa 1331 hawamwelewi? Si wote wanasema Kiswahili?

Wanasema Kiswahili, lakini kilango kina sharti moja kubwa: huwezi kupita na kitu ambacho wakati ule haukijui. Simu ya Bakari inageuka jiwe la tumbawe mfukoni. Maneno nayo ni vitu. Neno ambalo wakati ule haukulijua linatoka kinywani kama pumzi tupu.

"Meza" tuliipata kwa Wareno. Hali kadhalika bendera, kasha, karata, mvinyo na leso. Gereza pia, na hilo lina kisa chake: kwa Wareno lilikuwa kanisa, kwetu likawa jina la ngome, kisha la jela. Nayo Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, ikaja kufanywa jela kweli, kutoka 1895 hadi 1958. Neno lilitangulia kufika.

Basi Mwanaidi anataka kuomba leso ajifunike kwa baridi ya alfajiri. Anafungua kinywa, hewa inatoka. Anajaribu tena. Anaanza kulia, maana anadhani amekuwa bubu. Mama mmoja mwenye nyumba anamtazama, anaelewa bila neno, anamtupia nguo mabegani. Naipenda sehemu hiyo kuliko zote nilizoandika.

Walimu kadhaa wamenieleza kuwa wamefanya mchezo darasani: watoto wazungumze dakika tano bila neno lililoingia baada ya 1498. Ni vigumu mno. Hakuna baiskeli, hakuna kopo. Sikuwaza kamwe kwamba hadithi ingefanya kazi hiyo, na nimefurahi.

Kweli Kiswahili cha 1331 chenyewe kilikuwa tofauti na chetu. Nimefanya watoto wakisikie kama wanavyomsikia Bibi akizungumza na dada yake mkubwa: unashika maneno mengi, mengine yanakupita, na maana unaipata mwishoni.

Bibi anazungumza namna gani hiyo? Mwanangu anadhani ni makosa ya chapa.

Si makosa. Ni Kimvita, lugha ya Mombasa yenyewe. Anaposema "ndoo hapa" anamwita mtoto, hataji ndoo ya maji. "Yeo" ni leo. "Mato" ni macho. "Ndia" ni njia, na ushahidi uko barabarani: ile njia kubwa ya Mji wa Kale mpaka hivi leo inaitwa Ndia Kuu. Niliombwa nisawazishe maneno ya Bibi ili watoto wa bara wasipate taabu. Nimekataa. Mtoto wa Nakuru atakayejifunza kwamba mato ni macho amepata kilango cha bure.

Fumbo la "fua viatu" sikulielewa. Linafanya kazi vipi?

Ndani ya kidaka kuna kijikaratasi cha miaka ya 1830, kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika kwa muda mrefu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wetu mkubwa wa Mombasa, yalihifadhiwa kwa herufi hizo. Mwanaidi anaenda chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo anaweza kusoma. Lakini Kiarabu hakina herufi ya v, na waandishi wa zamani walitumia fa kwa f na kwa v pia. Msomaji ndiye aliyechagua kwa akili yake.

Mwanaidi anasoma "fua". Watoto wanavifua viatu vyao vya plastiki kwa sabuni, wanavianika, wanavivaa, wanajitokeza mbele ya kidaka wakinukia. Hakifunguki. Bamvua nzima inapita. Neno ni "vua". Unaingia pekupeku, kama watu wa ule msikiti wa mbao.

Kwa nini watoto hawabadilishi yaliyopita? Si ndiyo raha ya kusafiri katika wakati?

Hili limeulizwa kuliko yote, na wengine kwa hasira, hasa kuhusu safari ya nne.

Safari ya nne inawapeleka 1697, ndani ya Fort Jesus, katikati ya mazingiwa. Waomani waliizingira ngome Machi 1696, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Miezi 33. Njaa iliingia, na maradhi yakaua watu kupita risasi. Bakari, aliyefundishwa shuleni kwamba ni Wareno dhidi ya Waarabu, anatazama ndani ya ngome na kuona watu wengi ni weusi kama yeye, wanasema Kiswahili. Anauliza: "Sisi tulikuwa upande gani?"

Pande zote mbili. Bwana Daud wa Faza, mtu wa visiwa vya Lamu, alikuwa ndani akiilinda ngome, na wakati fulani, Wareno walipokwisha kufa, yeye na jamaa zake, na wanawake wa Kiafrika waliobaki, ndio walioishikilia. Nje walikuwako Waswahili wengine wakisaidiana na Waomani, na walikuwa na sababu zao, maana Wareno waliuchoma mji huu 1505 na tena 1528, na babu zao hawakusahau.

Sasa nimpe Bakari mchanga wa uchawi aumalize mzingiro? Kwa faida ya nani? Msomaji mmoja wa miaka 10 aliniambia angeleta dawa za hospitali. Moyo wake ni mzuri kuliko sheria zangu. Lakini dawa zingegeuka tumbawe, na nilitaka iwe hivyo. Watu wale waliumia kweli. Ningewaponya kwenye karatasi, ningekuwa nimewaondoa katika maumivu yao wenyewe, na mtoto angefunga kitabu akidhani hakuna aliyekufa.

Kinachowezekana ni kidogo, na kwangu ni kikubwa: Mwanaidi anambebea maji mwanamke mgonjwa. Basi. Anamwinua kichwa, anamnywesha, anamuuliza jina. Jina hilo halimo katika kitabu chochote cha historia, wala silitaji katika hadithi. Mwanaidi analijua.

Ile meli wanayoiona ikizama ilikuwepo kweli?

Ndiyo. Ni Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyoletwa kuiokoa ngome ikazama mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua chini ya maji miaka ya 1970, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya Fort Jesus. Mpeleke mtoto baada ya sura hiyo, si kabla.

Na ile njia ya siri ya kutokea baharini?

Njia ya matao iko kweli ndani ya ngome, imechongwa katika mwamba wa matumbawe kuelekea baharini. Nimeirefusha gizani kwa sababu Bakari anaogopa, na anayeogopa huona njia ndefu.

Mbona hakuna kilango katika Nguzo ya Mbaraki? Wala katika kaya?

Nguzo ya Mbaraki ilinitamanisha. Ni mnara wa mawe ya matumbawe, mtupu ndani, umesimama karibu na magofu ya msikiti tangu zamani. Lakini watu wamekwenda pale na shida zao, wameacha ubani na marashi. Katika hadithi Bakari anataka kugonga, Mwanaidi anamshika mkono.

Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, ambazo UNESCO iliziweka katika urithi wa dunia 2008, zina wazee wake na miko yake. Si mahali pangu pa kufungua.

Kuna majini au uchawi? Mimi ni mzazi Mwislamu na nina wasiwasi.

Wasiwasi wako nauelewa, nami nimelelewa hivyo hivyo. Hakuna mganga, hakuna kupunga, hakuna anayeomba kitu kwa asiyekuwa Mungu. Kilango kinafuata maji, na maji yanafuata amri ya aliyeyaumba.

Niongeze jambo. Katika safari ya kwanza Mwanaidi amepotea. Mji wote ni miti na mbao, hajui Kuze iko wapi. Kisha adhana inaadhiniwa, watu wanapanga safu, na anakumbuka alichofundishwa chuoni: Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini. Nyuma ya safu ni kusini, mkono wa kulia ni mashariki, na baharini ni huko. Miaka 700 imeondoka na kibla hakijasogea. Ndivyo anavyopata njia ya nyumbani.

Safari ya tano, ile ya kengele, ni nzito kwa watoto. Kwa nini umeiweka?

Kwa sababu Kengeleni iko pale, ng'ambo ya Daraja la Nyali, na matatu hupita kila siku utingo akilitaja jina, na watoto hawajui ni kengele gani. Freretown, hapo hapo Kengeleni, ilianzishwa miaka ya 1870 kuwa makao ya watu waliookolewa utumwani. Kengele ilikuwa ya kuwaonya hatari ikija. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku katika pwani hii hadi 1907.

Watumwa hawakuuzwa na wageni peke yao. Katika nyumba za mawe kama ile ya Bibi wamo walioishi kama mabwana na wamo waliolala chini ya ngazi. Mwanaidi anauliza ukuta ulijengwa na nani, na hakuna anayemjibu mara moja. Nimeandika sura hiyo mara nyingi kuliko nyingine. Haina damu. Ina mtoto wa umri wake, anayelala na viatu karibu na kichwa ili akisikia kengele aweze kukimbia. Mzazi, isome naye.

Mwanangu amekwenda kutafuta Mji wa Kupwa miambani. Nifanye nini?

Mrudishe kwanza. Kisha nenda naye, na mtu anayejua maji, amevaa viatu, mkiwa mmeuliza saa ya kupwa, na mgeuke kabla maji hayajageuka. Maji yakirudi hujaza mikondo nyuma ya mtu akiwa bado anatazama mbele. Ndani ya hadithi watoto wanakimbizwa na maji hayo, na nimeyaandika ya kutisha kwa makusudi.

Je, Bibi aliwahi kupita?

Swali hili limeulizwa na msichana mmoja tu, naye hakuliuliza hasa, alikuja na daftari. Alikuwa ameisoma hadithi mara tatu. Alikuwa ameandika kila mahali Bibi anapozungumza, kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, na mbele ya kila mstari ameweka alama. Akaniambia Bibi huweka chakula "hapo juu" au "hapo mbele yako". Akijifunika, anajifunika "nguo". Mlango wa jela ya zamani anauita "pale ngomeni".

Akanitazama. "Hajasema meza hata mara moja," akasema. "Wala leso. Na hawezi, sivyo?"

Nikamwambia asiwaambie wenzake. Akaniambia amekwisha kuwaambia.